Kupeleka utaalamu wa serikali nchi rafiki na faida ikaonekana hazina

Afisa bajeti atakuuliza swali moja tu: "Na sisi tunapata nini?" Ukimjibu kwa habari za ujirani mwema na kudumisha uhusiano, fungu lako litakatwa mwaka unaofuata, tena kwa haki. Nimekaa dawati la ushirikiano wa utumishi wa umma muda wa kutosha kuona maandiko mazuri ya miradi yakirudi masijala kwa sababu hiyo hiyo. Yaliandikwa kana kwamba kumpeleka mtaalamu wa forodha au wa zabuni kwa nchi rafiki ni sadaka. Kumbe kuna faida ya fedha kabisa, ila inapita njia ambayo wengi hawaitazamii, na asiyejua inakopita haioni hata ikishamfikia.

Wengi huitafuta kwenye ada ya ushauri. Ada ni chenji. Faida yenyewe iko pale mifumo ya nchi mbili inapogusana: fomu ya forodha ya kwao ikishasomeka na ya kwetu, zabuni yao ikitangazwa kwa utaratibu ambao mfanyabiashara wetu anaujua, rejesta yao ya kampuni ikijibu swali la benki yetu siku hiyo hiyo. Kwa hiyo ninachokueleza hapa, wewe uliyekabidhiwa jalada la ushirikiano na hujui uanzie wapi, ni jinsi ya kuchagua na kupanga kazi ambayo ina mahali pa kugusana.

Dokezo kwanza, andiko baadaye

Kabla hujamwandikia mshirika barua, andika dokezo la ukurasa mmoja kwa bosi wako. Liseme nani upande wetu atapunguziwa gharama au kuongezewa soko, kwa njia gani, na baada ya muda gani. Ukishindwa kumtaja hata msafirishaji mmoja, kampuni moja ya programu, au idara moja itakayookoa fedha, basi kazi hiyo ni ya kidiplomasia. Si vibaya, ila ipelekwe kwenye fungu la mambo ya nje, isije ikahesabiwa kwako.

Singapore walitenganisha mambo haya mapema, na nadhani ndiyo sababu wameweza kuendelea. Mwaka 1992 walianzisha mpango wa mafunzo kwa watumishi wa nchi nyingine, unaogharamiwa na serikali yao. Mwaka 2006 wakaunda chombo tofauti, Singapore Cooperation Enterprise, kushughulikia maombi ya nchi zinazotaka ushauri wa kina na ziko tayari kulipia. Zawadi ina mlango wake na biashara ina mlango wake. Mgeni anajua amebisha wapi, na mkaguzi wa hesabu anajua aangalie kitabu kipi.

Dokezo hilo lisizidi ukurasa. Likizidi, umeanza kuandika andiko.

Chagua kazi yenye kiungo

Sehemu hii ndiyo ngumu, na ndiyo inayoamua yote yanayofuata.

Kila wizara ina kitu inachojivunia na ingependa kukionyesha. Mmoja ana mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, mwingine ana chuo cha uongozi, wa tatu ana kituo cha huduma kwa pamoja ambako mwananchi anapata kitambulisho, leseni na cheti cha kuzaliwa chini ya paa moja. Vyote vinafundishika. Lakini jiulize: mshirika akikichukua kitu hiki na akafanikiwa kabisa, je, kuna jambo litakalobadilika upande wetu wa mpaka? Mfumo wa kupima utendaji ukifanikiwa kwao, watumishi wao watafanya kazi vizuri zaidi, na hilo ni jema kwao. Forodha yao ikifanikiwa, mizigo yetu inapita.

Tazama Chirundu, kwenye Mto Zambezi. Desemba 2009 Zambia na Zimbabwe zilifungua pale kituo cha pamoja cha mpakani, cha kwanza cha aina hiyo Afrika. Kabla ya hapo lori lilikaguliwa upande wa kutokea, likavuka daraja, likakaguliwa tena upande wa kuingilia, na foleni ilikuwa ya siku. Baada ya hapo maafisa wa nchi zote mbili wakakaa pamoja upande wa kuingilia, lori likasimama mara moja tu. Utaalamu uliohitajika haukuwa wa ujenzi. Ulikuwa wa sheria inayomruhusu afisa wa nchi moja kutumia mamlaka yake kwenye ardhi ya nchi nyingine, mpangilio wa nani anakagua kwanza, na fomu zinazolingana. Ni mambo ya utawala matupu. Na kila saa iliyopungua foleni ilikuwa fedha kwa wasafirishaji wa pande zote. Utaratibu huo huo baadaye ulikwenda kwenye mipaka ya Afrika Mashariki kama Rusumo, Busia, Namanga na kwingineko.

Au tazama Estonia. Tangu 2001 wana X-Road, njia ya kubadilishana taarifa kati ya ofisi za serikali kupitia intaneti, ili mwananchi asiulizwe na ofisi ya tano kitu alichokwisha kuiambia ya kwanza. Ufini wakaichukua. Mwaka 2017 nchi hizo mbili zikaanzisha taasisi ya pamoja ya kuiendeleza programu hiyo, na Iceland ikajiunga baadaye. Februari 2018 mifumo ya Estonia na Ufini ikaunganishwa, rejesta za upande huu zikawa zinaweza kuulizana na za upande ule.

Hapo kuna faida mbili, na ya pili huwa haiandikwi kwenye dokezo lolote. Ya kwanza ni hiyo ya kuunganika. Ya pili ni kwamba gharama ya kutunza programu ambayo Estonia ingeibeba peke yake milele sasa inagawanywa. Ukimpa jirani mfumo wako na akaukubali kwa dhati, umempata mtu wa kuchangia bili ya matengenezo. Mweleze afisa bajeti jambo hilo taratibu. Ataandika.

Korea Kusini wamekwenda kwa njia ya kibiashara zaidi. Mfumo wao wa forodha, UNI-PASS, ndio msingi wa mfumo wa Tanzania ulioanza kutumika 2014, na umefika pia Ecuador na Cameroon. Mfumo wao wa zabuni za kielektroniki umekwenda Tunisia, Jordan na Rwanda, miongoni mwa nchi nyingine. Walioijenga mifumo hiyo mara nyingi ni kampuni na taasisi za kwao. Pamoja na hilo, tangu 2004 wana mpango wa kutoa ushauri wa sera kwa kutumia uzoefu wao wenyewe wa maendeleo, ulioanza na Vietnam na Uzbekistan. Ushauri unatangulia, mradi unafuata, na mara nyingi mkopo wa masharti nafuu unakuja katikati. Wengine huona kuna ujanja hapo. Mimi naona ni sawa mradi kila kitu kiandikwe wazi tangu mwanzo, na mshirika abaki na haki ya kuchukua ushauri akaacha kampuni.

Jua nani hasa mwenyeji wako

Hati ya makubaliano husainiwa na waziri. Kazi hufanywa na manispaa, mamlaka ya bandari, ofisi ya msajili. Kati ya hao wawili kuna mwanya, na miradi mingi hudumbukia humo.

Mfano unaofundishwa zaidi ni Suzhou. Februari 1994 China na Singapore zilikubaliana kujenga eneo la viwanda kwenye mji huo, Singapore ikileta mtaji pamoja na namna yake ya kuendesha mji: mipango miji, vibali, kuhudumia wawekezaji, mafunzo kwa maafisa. Waliosaini walikuwa viongozi wa ngazi ya juu kabisa. Lakini serikali ya mji wa Suzhou tayari ilikuwa na eneo lake yenyewe la viwanda, lililoanza miaka michache kabla, na ilikuwa na kila sababu ya kulipigania lile la kwake. Maeneo mawili yakagombea wawekezaji wale wale. Hasara zikaja, na kuanzia 2001 hisa za upande wa Singapore katika ubia zikashuka kutoka asilimia 65 hadi 35, upande wa China ukachukua usukani. Baada ya mabadiliko hayo, mwenyeji akiwa na hisa kubwa, eneo likaanza kutengeneza faida. Ushirikiano wenyewe haukufa: mwaka 2008 nchi hizo zikaanza mradi wa mji mwingine huko Tianjin.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini, tafuta jibu la swali hili: afisa wa ngazi ya chini atakayefanya kazi na mtaalamu wetu kila siku, mradi ukifanikiwa atapata nini, na ukikwama atapoteza nini? Kama atapoteza marupurupu, au mradi unapingana na mradi wa mkubwa wake, hotuba za uzinduzi hazitabadilisha kitu. Usilitafute jibu hilo kwenye kikao rasmi. Mtume mtu mmoja mapema, akae na watu wa mapokezi, wahasibu na makarani wa masijala. Hao ndio wanaojua jalada linakwama meza ya nani.

Mtu wa kumpeleka

Mpeleke anayeifanya kazi kwa mikono yake sasa hivi. Mkurugenzi atakuja siku ya kufungua na siku ya kufunga, hakuna ubaya, ila siku za katikati anatakiwa mkaguzi, msajili, mtu wa mifumo, mwandishi wa sheria.

Mpango wa Wakaguzi wa Kodi Wasio na Mipaka, uliozinduliwa Addis Ababa Julai 2015 na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, pamoja na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, unafanya hivyo hivyo. Hawafanyi semina. Mkaguzi mzoefu anaketi na wakaguzi wa nchi mwenyeji juu ya majalada halisi ya kampuni halisi, wanapitia bei ambazo kampuni tanzu inauziana na kampuni mama, na uamuzi unabaki kwa mwenyeji. Mapato ya ziada ya kodi yaliyotokana na mpango huo yamepita dola bilioni 2 kwa jumla. Wataalamu hawatoki nchi tajiri peke yake. Kenya imewahi kutoa wakaguzi wake kwenda kusaidia nchi nyingine ya Afrika.

Anayetoa mkaguzi anafaidika vipi? Kampuni ya kimataifa inayohamisha faida kutoka nchi hiyo kwa kawaida inafanya hivyo hivyo kwetu. Mkaguzi wetu haruhusiwi kurudi na siri za jalada, na hilo liwe kwenye kiapo cha kutunza siri anachosaini kabla hajaketi. Ila jicho lake haliwezi kurudi jinsi lilivyokwenda. Ameona mbinu, atazitambua.

Kuhusu muda, wiki mbili ni utalii. Umoja wa Ulaya, kwenye mpango wake wa Twinning ulioanza 1998, unataka mshauri mkazi akae angalau miezi 12 mfululizo, na mradi uwe na matokeo ambayo pande zote zimekubali kuyatimiza. Unakutanisha taasisi ya serikali na taasisi ya serikali, si kampuni ya ushauri. Faida kwa wanaotoa ilikuwa dhahiri: nchi zilizokuwa zikijiandaa kujiunga ziliweka sheria na taratibu zinazolingana na za soko la pamoja, hivyo siku walipoingia, bidhaa na mitaji ilikuta milango inayofunguka kwa ufunguo ule ule. Baadhi ya waliokuwa wanapokea, walioingia 2004, leo ni watoaji.

Kama miezi 12 huwezi kuimudu, na wengi hatuwezi, mpeleke mtu yule yule kwa awamu za majuma machache machache. Usibadilishe mtu. Bora kukosa awamu moja kuliko kumpeleka mgeni mpya akaanze kusalimia watu upya.

Hadidu za rejea

Hapa nitakwenda haraka, kwani wanasheria watakusaidia. Hakikisha tu yafuatayo hayaachwi kwa maneno ya mdomo: programu ni mali ya nani na inaweza kurekebishwa na nani, taarifa za wananchi zitakaa wapi, matengenezo yanalipwa na nani baada ya mradi kwisha, mshahara na posho za mtumishi aliyeazimwa zinatoka wapi, na tarehe ya mwisho, iliyoandikwa kwa tarakimu.

Juu ya matengenezo, jifunze kwa ASYCUDA, programu ya forodha ya UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, ambayo imetumika katika nchi na maeneo zaidi ya 100. Timu ya wenyeji hufundishwa kuiendesha na kuitunza, na ushuru na taratibu huwekwa kulingana na sheria za nchi husika. Ukimwacha mshirika bila timu ya namna hiyo, kila kosa dogo litakuja kwenye simu yako, nawe utalitatua bure kwa miaka.

Weka pia kifungu cha mgongano wa maslahi. Mtaalamu aliyeandika masharti ya zabuni asiwe na uhusiano wowote na kampuni itakayoomba zabuni hiyo, hata kama ni ya nchini kwake na hata kama ndiyo bora. Zabuni moja ya kutiliwa shaka inafuta faida ya kazi kumi safi, maana nchi nyingine zinasoma magazeti pia.

Hesabu inayosimama mbele ya mkaguzi

Pima kabla hujaanza. Hili halina mbadala. Shirika la Forodha Duniani lina utaratibu wake wa kupima muda ambao mzigo unachukua kuanzia kufika hadi kuruhusiwa kutoka, na mwongozo wake unapatikana kwa umma. Utumie. Ukianza kupima baada ya mafanikio, hakuna atakayekuamini.

Chukua hesabu ya kudhania. Tuseme mpakani hupita malori 200 kwa siku, na baada ya kazi kila lori linaokoa saa 10. Tuseme lori kusimama kunagharimu dola 15 kwa saa. Hiyo ni dola 30,000 kwa siku. Inavutia, na mtu mwenye haraka ataizidisha kwa siku za mwaka akaenda nayo kwenye kikao. Usifanye hivyo. Uliza kwanza: malori mangapi ni ya wasafirishaji wetu? Tuseme asilimia 40. Zimebaki dola 12,000 kwa siku. Kwa siku 300 za kazi ni dola milioni 3.6. Sasa uliza tena: katika kipindi hicho si barabara ilipanuliwa, na mshirika naye akaajiri maafisa zaidi? Kata. Mimi hudai robo tu, isipokuwa nina ushahidi wa zaidi. Inabaki dola 900,000 kwa mwaka. Kama mpango wote umegharimu dola 400,000, una hoja, na hakuna mtu atakayeweza kuibomoa kwa sababu umeshaibomoa mwenyewe.

Kwa zabuni, hesabu ni nyingine: kampuni zetu ngapi ziliomba kabla na baada, ngapi zilishinda, na mshirika mwenyewe ameokoa kiasi gani kwa kupata waombaji wengi. Kipengele hicho cha mwisho kiweke daima. Mpango unaoonyesha faida ya upande mmoja utaonekana, sawasawa kabisa, kuwa ni mtego.

Kuna faida moja ambayo sijapata namna nzuri ya kuitia kwenye hesabu. Kufundisha kunakulazimisha uandike unachofanya. Wakati fulani tulikuwa tunawaandalia wageni maelezo ya utaratibu wa kutoa kibali fulani, hatua kwa hatua, na afisa mmoja akashindwa kueleza kwa nini fomu inahitaji saini ya pili. Akauliza waliomtangulia. Hakuna aliyejua. Saini ikaondolewa kwetu kabla wageni hawajafika. Ukipata kisa cha aina hiyo kiandike kwenye ripoti jinsi kilivyo, bila kukipa thamani ya fedha. Wakubwa hukikumbuka kuliko majedwali.

Wageni wanaokuja, na mtumishi anayerudi

Kupokea ziara za mafunzo nako ni kazi yenye gharama: saa za watumishi, usafiri, kumbi. Rwanda walianzisha chombo maalumu mwaka 2018 cha kuratibu ziara na ushirikiano wa namna hiyo, badala ya kuacha kila wizara ipokee kivyake. Hata kama huna chombo, uwe na dawati moja, na kanuni moja: ujumbe usije bila orodha ya maswali, na angalau nusu yao wawe watu wanaofanya kazi hiyo kwa mikono. Ujumbe wa wakubwa watupu utaishia kwenye picha ya pamoja.

Mtumishi anayerudi ndiye anayesahaulika zaidi. Amekaa nje miezi, ameona mfumo ukijengwa tangu msingi, akirudi anakuta meza yake ina mtu na anapangiwa kuandika kumbukumbu za vikao. Mwaka haupiti, kampuni binafsi inamchukua, na gharama yote ya kumfundisha inakwenda naye. Kabla hajaondoka, andikiana na idara yake kuhusu nafasi atakayorudia. Akirudi, mpe wiki mbili aandike ripoti ya safari inayotaja mambo ambayo sisi tunapaswa kubadilisha, na kikao cha menejimenti kiipokee yeye akiwepo.

Maombi ya kukataa

Kataa pale mshirika anapotaka programu bila sheria inayoiwezesha. Kataa kazi ambayo jirani mwingine tayari anaifanya vizuri pale pale, labda kama mtagawana sehemu. Kataa ombi ambalo tarehe yake imefungwa kwenye uchaguzi, wa kwao au wa kwetu. Na kataa mapema: barua ya ukurasa mmoja ndani ya majuma mawili, yenye sababu na jina la taasisi nyingine inayoweza kusaidia, nakala kwa ubalozi. Wanaojibiwa hivyo hurudi na ombi lililo bora zaidi kuliko wanaosubirishwa mwaka mzima.